Hatukuangaliana Mpaka Kampala

Kwetu Gachoka, huku Mbeere, mwanamume hamwangalii mama mkwe wake usoni. Sisemi ni sheria iliyoandikwa mahali, na kanisani wako wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Pengine wana haki. Nasema tu vile nilivyolelewa. Ukimwona anakuja njiani unatafuta kitu cha kutazama kwenye shamba la jirani mpaka apite. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Hamkai benchi moja. Ukiwa na neno lake unampa mtu mwingine alipeleke, hata kama mko nyumba moja na yeye amelisikia tayari. Wameru wa upande wa mke wangu, kule Mikinduri, wana heshima hiyohiyo, na naona wao wameikaza kidogo kutushinda, ingawa hapo naweza kukosea kwa sababu mimi niliiona nikiwa mgeni.

Kwa hivyo niliposikia kwamba mimi ndiye nitakayempeleka mama mkwe Kampala kuomba viza, nilidhani wananifanyia mzaha.

Mambo yalikuwa hivi. Mke wangu ni muuguzi. Nilimpata alipoletwa kufanya kazi kwenye zahanati ya kwetu, mimi nikiwa na kaduka ka kununua ndengu kutoka kwa wakulima. Alinizidi masomo kwa mbali, maana mimi niliishia kidato cha pili, na mpaka leo sijui aliona nini kwangu. Tulipokuwa tumeoana miaka michache akapata kazi ya mkataba katika nchi moja ya baridi. Nchi yenyewe sitaitaja, si kwa ubaya, ila watu wake hawakutukosea na sitaki ionekane nawasema. Tulikuwa tumepoteza mimba mbili, na tulikuwa tumekubaliana bila kusema kwamba jambo hilo tuliache kwanza. Alipofika huko ndipo akagundua ana ya tatu.

Alinipigia kupitia simu ya mwenye duka la dawa. Akasema daktari amemwambia alale, asiinuke ila kwenda msalani. Anaishi chumba cha kupanga peke yake. Kuna mama wa kanisani anayemletea chakula siku akipata nafasi. Hakulia. Aliuliza tu, "Mama anaweza kuja?"

Hakuuliza kama mimi naweza kuja, na nitasema ukweli, lilinichoma kidogo. Lakini nauli tuliyoweza kukusanya ilikuwa ya mtu mmoja, na nikijiuliza ningemfanyia nini nikifika huko, sikupata jibu zaidi ya kukaa karibu na kitanda na kuwa na wasiwasi. Huo wasiwasi niliweza kuwa nao nikiwa Gachoka.

Nchi hiyo haikuwa na ofisi ya viza Nairobi. Ofisi iliyohudumia upande wetu ilikuwa Kampala, na mwombaji alitakiwa aende mwenyewe, na miguu yake, aulizwe maswali. Mama mkwe Kiswahili chake ni cha sokoni: cha kuuza ndizi, kununua chumvi na kufukuza wanaopunguza bei. Mtoto wake wa kiume, ambaye ni mwalimu, alikuwa na watahiniwa na mtihani ulikuwa umeanza. Baba mkwe miguu ilikuwa imemshinda. Tuliketi Mikinduri mchana mzima tukiwataja watu na kuwaondoa, mpaka nikabaki mimi. Baba mkwe akasema aibu ya mkwe ni ya nyumbani, haiwezi kuvuka mpaka, haina pasipoti. Watu wakacheka. Kutoka jikoni tukasikia mama mkwe akiiambia sufuria kwamba yeye ataenda na mtu yeyote anayejua njia.

Basi tulienda. Garini yeye alikaa mbele karibu na dirisha na mimi nyuma kabisa, na katikati Mungu akatupa mama mmoja wa mitumba wa kutoka Busia, mwenye mdomo mpana na roho nzuri, akawa ndiye simu yetu. Nilikuwa nikimpa chai ampelekee, naye ananirudishia kikombe na habari. Alifikiri tumegombana. Alipojua kwamba ni mkwe alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga, halafu akaniambia kwao pia iko, lakini wao huwa hawasafiri nayo.

Mpakani ilibidi tushuke bila yule mama, kwa maana safari yake ilikuwa imeishia hapo. Nikapanga foleni tofauti ili nisisimame nyuma ya mkwe wangu. Yeye alikuwa amebeba kiondo chenye unga wa wimbi, umefungwa vizuri kwa mifuko miwili, kana kwamba akipewa viza leo, leo hiyohiyo atapanda ndege kutoka hapo. Niliona ni lazima ajue. Hakukuwa na mtu wa kutumwa, kwa hivyo nikauambia mlingoti wa bendera kwamba watu wakienda kuomba viza hurudi nyumbani kwanza, ndipo husafiri. Naye akauambia mlango wa choo kwamba unga wa wimbi hauozi.

Hayo yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu nimwoe binti yake.

Kampala yeye alilala kwa nyumba ya wageni ya kanisa, mimi nikalala ng'ambo ya barabara. Asubuhi tukaenda kwenye ofisi ya viza, nikitembea mbele ili asipotee, na nikigeuka nyuma kwa kivuli tu, kuona kama kivuli chake bado kipo. Palikuwa na lango, na ndani ua wenye maua, na benchi refu chini ya mabati. Yeye akakaa mwisho wa huku akiyatazama maua. Mimi nikakaa mwisho wa kule nikiutazama ua wa waya. Njaa ilipouma nikatoka kununua chapati na mayai, nikampa askari wa lango ampelekee yule mama mwenye kiondo. Askari alimpelekea, halafu akaniangalia kwa muda. Mimi nikazunguka nyuma ya ukuta, nikala nikiwa nimesimama. Nilijiona mtu mwenye adabu sana.

Tulipoitwa tukaingia chumba kidogo. Mbele ya meza kulikuwa na viti viwili vimegusana. Nikakivuta changu mpaka ukutani.

Ofisa alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa ameishi Tanzania miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kila neno limekaa mahali pake. Nilikionea aibu changu. Akasema kwa vile mama haelewi Kiswahili vizuri, yeye ataniuliza mimi, mimi nimuulize mama kwa Kimeru. Kimeru chao mimi nimekijua kwa mke wangu. Kinafanana na Kimbeere chetu vile ndugu wa baba mmoja mama tofauti wanavyofanana.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Jina, mahali, kazi ya mzee, nani atakayemlisha huko. Halafu akaitoa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mke wangu, akaishikilia. Kilikuwa kimechukuliwa mke wangu akiwa msichana mkubwa, alipotaka kuingia chuo cha uuguzi, maana wengi wetu tulizaliwa jikoni na serikali ikaja kujua baadaye. Yule mama hakusema ni cha uongo. Alisema tu kwamba cheti cha namna hiyo hakimwambii kama huyu kweli ndiye aliyemzaa.

"Muulize mama alimzaaje binti huyu," akasema. "Alizaliwa wapi, nani alikuwapo, na mimba za kabla yake zilikuwaje."

Sasa mtu ambaye si wa kwetu anaweza kuona hilo ni swali la kawaida. Kwetu sivyo. Kumuuliza mama mkwe habari za tumbo lake. Mimi ambaye siwezi kumwambia anipe chumvi.

Nikauangalia ukuta, nikauliza kwa Kimeru, "Anasema, huyo msichana alipokuja, mlikuwa mkiishi wapi?"

Mama mkwe akajibu kwamba walikuwa wakiishi palepale wanapoishi sasa, ila nyumba ilikuwa ya nyasi. Nikamwambia ofisa. Ofisa akasema hilo silo alilouliza. Akarudia swali, pole pole, kama mwalimu. Mimi nikatafuta njia nyingine ya kulizunguka, nikauliza, "Anasema, huo mwaka mambo yalikuwa mazuri?" Mama mkwe akajibu kahawa ilizaa sana.

Ofisa akaweka kalamu chini.

"Mimi si mjuzi wa lugha yenu," akasema, "lakini swali langu lilikuwa refu na lako lilikuwa fupi. Wewe ni nani kwa huyu mama?"

"Mtu wa nyumbani," nikasema. Kwa sababu kwetu huwezi kusimama mbele ya mama mkwe ukatamka kwamba ni mama mkwe wako. Ni kama kumwonyesha kidole.

Hakukasirika. Nataka niliandike hilo vizuri, kwa sababu nimewasikia watu wakisimulia habari za ofisi kama hizo kana kwamba mle ndani kuna simba. Aliniambia kwa upole kwamba askari wake amewaona watu wawili ambao tangu asubuhi hawajaangaliana hata mara moja. Hawakai pamoja, hawali pamoja, mmoja anamtumia mwingine chakula kupitia mtu wa lango. Akasema wako wanaume wanaokuja pale na akina mama ambao hata hawawajui, wakiwapeleka wanakojua wenyewe, na wale akina mama hawaonekani tena. Hiyo ndiyo kazi yake, kuwatambua wanaume hao.

"Huyu mama unamjua kweli?"

Nilikuwa najua kikohozi chake. Nilijua kwamba chai yake hutangulia maziwa kabla ya maji, na kwamba akichoka huvuta mguu wa kushoto, kwa sababu mguu nilikuwa naruhusiwa kuuona. Lakini uso wake sikuwahi kuutazama kwa muda hata wa salamu. Kama ofisa angenifunga macho akaniuliza mama huyu amefananaje, ningeshindwa. Nikajiuliza mwenyewe, pale ukutani, kama kweli namjua, na sikuwa na hakika. Nikamfikiria mke wangu amelala chali kwenye kile chumba, akingoja kusikia mama anakuja lini. Na mimi ndiye niliyetumwa, na hii adabu yangu ndiyo inayomfungia mlango.

Ofisa akaanza kuifunga faili.

"Madam," mama mkwe akasema.

Ilikuwa kwa Kiswahili. Kile chake cha sokoni.

"Madam, huyu ni kijana yangu. Ameoa msichana yangu. Kwetu hatuangaliani. Si chuki. Ni heshima imekuwa mingi."

Halafu nikasikia kiti chake kikikwaruza sakafu. Alikuwa anakigeuza. Alikigeuza mpaka magoti yake yakanielekea.

"Mkwe," akaniambia kwa Kimeru. "Niangalie."

Nikaangalia viatu vyake. Vilikuwa vya plastiki, vya buluu, vimeoshwa.

"Viatu si mimi. Niangalie."

Nikainua macho. Nilikuwa nimejitayarisha kwa uso wa mtu mgeni, na badala yake nikakuta uso ninaoujua. Ulikuwa wa mke wangu, ila ulikuwa umekaa juani miaka mingi zaidi. Ile namna ya nyusi moja kupanda kidogo kabla ya kusema neno gumu. Sikujua ilikotoka mpaka siku hiyo.

"Nimesikia alivyouliza," akasema. "Kuzaa nalijua kwa Kiswahili. Umekuwa ukinifunika, na ni vizuri, lakini sasa tutakosa kwenda. Uliza vile ameuliza. Usipunguze."

Nikauliza, neno kwa neno. Naye akajibu akiniangalia mimi, si ofisa, na mimi nikalitoa kila neno kwa Kiswahili likiwa bado na joto.

Alisema kabla ya huyo msichana alibeba wengine, na hawakufika. Alisema majirani walikuwa wameanza kumtazama tumbo badala ya kumtazama uso. Alipopata huyu, mama yake mzazi alivuka kutoka bonde la pili, akaja, akamtandikia magunia jikoni, akaweka magogo ya kuni chini ya upande wa miguu ili uinuke, akamwambia lala. Kahawa iliiva yote akiwa amelala. Ikavunwa, ikapelekwa kiwandani, akiwa amelala. Mama yake alimlisha uji wa wimbi kwa mkono na kumwosha kama mtoto. Watu wakipita njiani wakisema huyo bibi ni mvivu, mama yake alikuwa anajibu kutoka mlangoni, "Uvivu ni wangu, semeni na mimi." Na msichana akazaliwa palepale kwenye magunia, akapokewa na mikono ya huyo huyo mama.

Ofisa hakuwa anaandika.

"Mke wako amelala hivyo sasa," mama mkwe akaniambia. "Najua anafikiria nini akiangalia juu. Anafikiria haiwezekani. Daktari amemwambia inawezekana, lakini daktari alisoma. Mimi nililala."

Nilipokuwa namtafsiria ofisa maneno hayo, nilitakiwa kusema "binti yake", nadhani. Badala yake nikasema "mke wangu". Sikumaliza. Nafikiri ofisa alielewa ya mbele mwenyewe.

Akauliza jambo moja tu, kama mama akienda atarudi. Mama mkwe hakungoja nitafsiri. Alisema mtoto akianza kukaa yeye anarudi, kwa sababu mzee wake hajui hata kiberiti kinawekwa wapi. Ofisa akacheka kidogo, akajizuia. Hakutuahidi kitu. Alisema kuna watu wengine wanaopaswa kuipitia ile faili, na turudi kesho mchana.

Tulitoka nje. Tukakaa kwenye lile benchi, na sijui ni nani alikaa kwanza, lakini safari hii kati yetu kulikuwa na kiondo tu. Mama mkwe akaingiza mkono kwenye kiondo, akatoa chapati niliyomtumia asubuhi. Hakuwa ameila. Akaikata vipande viwili, akaweka kimoja upande wangu juu ya benchi. Halafu akageuza uso kwenye maua na mimi nikageuza wangu kwenye waya, tukala.

Kesho yake walimpa viza. Aliishika pasipoti karibu na macho, akaiuliza kama ni hako kakaratasi tu. Nadhani alitegemea kitu kikubwa zaidi, na kusema kweli hata mimi.

Alisafiri muda mfupi baadaye, na unga wake. Mke wangu alinieleza kwa simu kwamba mama alipoingia kwenye chumba hakumsalimia kwanza. Alizunguka akitafuta magogo. Alipoona hakuna magogo katika nchi ile, alichukua vitabu vya uuguzi vya mke wangu, vile vinene, akaviweka chini ya miguu ya kitanda. Mke wangu alikuwa anacheka akinieleza. Tangu aende huko sikuwa nimemsikia akicheka.

Mtoto alifika. Msichana. Kwa desturi ya kwetu alipewa jina la mama yangu mimi, ambaye hakuwa amevuka hata mto Thuci, ulio kati yetu na Wameru, kwa ajili yake, na aliyemlilia na kumwosha ni huyu mwingine. Nililiona jambo hilo kuwa halina usawa, nikamwambia mke wangu tubadilishe. Mama mkwe akakataa kupitia simu, akasema zamu yake ipo kwa msichana wa pili.

Aliporudi Mikinduri nilimpelekea mbuzi. Kwetu, mtu akiivunja ile aibu hupeleka mbuzi ili mambo yarudi sawa, na mimi nilikuwa nimemwangalia, tena kwa muda mrefu. Baba mkwe aliniuliza mbuzi ni wa nini. Nikasema ni wa salamu. Akamshika mgongo, akasema salamu za Mbeere siku hizi zimenona. Kutoka jikoni tukasikia sauti ikiiambia sufuria kwamba hakuna kitu kilichovunjika, mkwe aambiwe hivyo, lakini mbuzi asirudishwe.

Na tukarudia yaleyale. Njiani nikimwona natazama shamba la jirani, naye anavuta leso usoni. Kuna wakati nilijiuliza kama Kampala ilikuwa kweli, au kama yeye alijuta.

Mke wangu alimaliza mkataba akarudi na mtoto akiwa anaongea. Siku ya kwanza tulipompeleka Mikinduri, mimi nilikaa nje chini ya ghala, wao wakawa jikoni, na mtoto akawa ndiye wa kutumwa, akikimbia huku na huku na maneno ya shosho, nyanya yake. Shosho anauliza kama umekunywa chai. Mwambie nimekunywa. Shosho anauliza kama ndengu zimeiva. Mwambie bado. Akaenda, akakaa kidogo, nikasikia kicheko cha watu wazima kule ndani, halafu akaja tena mbio, akasimama mbele yangu akihema.

"Baba, shosho anasema amenunua viatu vingine. Anasema usiviangalie."

Mke wangu akachungulia mlangoni kuuliza ninacheka nini peke yangu. Nikamwambia amuulize mama yake.